Kikopo cha Bibi Ukoko

Kikopo kilikuwa cheupe, chenye kifuniko cha buluu, na ubavuni kilibandikwa karatasi yenye jina la mwanamke wa miaka hamsini na minane, mama wa watoto watano, mpishi mwandamizi wa shule yetu. Kilichokuwa ndani kilikuwa changu.

Naomba msomaji asikunje pua. Kuna mambo hayasimuliki bila kutaja choo, na hili ni mojawapo. Nimejaribu kulisimulia kwa njia ya adabu zaidi, nikaona kila nikikiondoa choo, anayebaki msafi ni mimi peke yangu.

Nilikibeba kwa mikono miwili, kama mtu anayepeleka sadaka, kutoka vyoo vya bweni mpaka mlango wa nyuma wa jikoni. Ilikuwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umelala kwenye uwanja wa mpira. Nilikuwa nacheka. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Nilicheka peke yangu, mabega yakitikisika, hadi nikalazimika kusimama katikati ya uwanja nisije nikakiangusha.

Jikoni sikuingia kwa hiari. Niliingizwa kwa hukumu, kwa kosa ambalo wakati ule nililionea fahari. Muhula huo nilirudi shuleni nimechelewa wiki tatu, kwa kuwa likizo nzima nilikuwa kitandani na homa ya matumbo. Nilipona. Mama alisema nimepona, zahanati ya kwetu ilisema nimepona, na mimi mwenyewe nilikula kama mtu aliyepona. Lakini kurudi bweni umechelewa ni kama kufika msibani watu wameshatoka makaburini: hakuna anayekuhitaji. Ikabidi nitangaze kurejea kwangu. Nikaandika kwa herufi kubwa, kwa mkono wa kiofisi niliojifundisha mwenyewe: CHOO HIKI KIMEFUNGWA KWA AMRI YA IDARA YA AFYA. ATAKAYEKITUMIA ATASHTAKIWA. Nikapiga muhuri niliouchonga kwenye kisigino cha ndala, nikabandika kwenye mlango wa choo cha walimu. Rafiki yangu alisimama kwenye kona akinilindia.

Tangazo lilikaa pale tangu asubuhi mpaka saa tisa alasiri. Walimu kumi na saba, watu wazima wenye vyeti vyao, walitii. Mwalimu wa hesabu alifundisha vipindi viwili mfululizo akiwa amepachika mguu mmoja juu ya mwingine, na alipofika kwenye kanuni ya ujazo sauti ilimkatika kabisa.

Mkuu wa shule hakucheka. Alinipa wiki sita jikoni: kuchambua maharage na kusimamia pipa la maji ya kunywa.

"Unapenda sana mambo ya afya," aliniambia. "Nenda kahudumie afya za wenzako."

Pipa hilo lilikuwa la plastiki, linanifika kifuani, na lilikaa kwenye mlango wa bwalo. Asubuhi nililijaza maji yaliyochemshwa yakapoa. Wakati wa mlo nilichota kwa kopo la mpini mfupi na kuwamiminia wenzangu mia nne, kikombe baada ya kikombe. Maji yalivyopungua ndivyo mkono ulivyozama, mwishowe unafika kwenye kiwiko. Nilizamisha tu. Maji yalikuwa yameshachemshwa, nani angefikiria mkono?

Jikoni kulikuwa na wapishi wanne. Watatu walikuwa vijana. Wa nne, mkubwa wao, tulimwita Bibi Ukoko, kwa sababu ukoko wa chini ya sufuria ulikuwa mali yake, na aliugawa kwa upendeleo ambao hakuuficha. Alikuwa na mjukuu wa rika langu, basi akaniita mume wangu, kama mabibi wafanyavyo wakitaka kukutania na kukutuma kwa pamoja.

"Mume wangu, hayo maharage unayachambua au unayasomea dua?"

"Nayachunguza tabia, Bibi."

"Chunguza upesi. Tabia ya wanafunzi mia nne wenye njaa naijua mimi."

Alikuwa na miaka ishirini na sita katika jiko lile. Alibakiza miwili astaafu, na aliihesabu kama mfungwa anavyohesabu, kwa kucha ukutani, nyuma ya mlango wa stoo. Alinionyesha mistari hiyo mwenyewe. Alikuwa amepanga akistaafu asipike tena maishani mwake. Atakuwa anakaa kwenye kiti na kupikiwa, na chakula kikiwa kibaya atasema.

Wiki ya nne ya adhabu yangu, rafiki yangu akaanguka.

Tulimwita Jirani, mimi na bweni zima, kwa kuwa alilala kitanda cha chini na mimi cha juu, na alipenda kugonga chaga zangu kwa mguu na kuuliza kama jirani yuko nyumbani. Alianza na homa, kisha kichwa, kisha tumbo. Baada yake wakafuata wengine kumi. Gari la hospitali lilipokuja kuwachukua, tulishangilia, nakiri, maana jaribio la kemia liliahirishwa. Jirani alitupungia mkono kupitia kioo kama rais anayekwenda ziarani.

Siku ya pili akafika Bwana Afya. Alikuwa mwembamba, amevaa mabuti ya mpira, na nyuma ya pikipiki yake alifunga sanduku la barafu kwa kamba ya mpira. Hakuhitaji chai wala kiti. Alifunua kila kitu chenye mfuniko na kuuliza juu ya kila kitu kisicho na mfuniko. Alichungulia masufuria, mashimo ya maji machafu, kucha za wapishi. Akapanda ngazi ya tangi la maji.

"Tangi hili halina mfuniko tangu lini?"

"Tumeuombea fungu la fedha," alijibu Mkuu kutoka chini.

"Ndege hawasubiri fungu, Mwalimu."

Alitia dawa ndani ya tangi, akachukua maji kwenye vichupa, akatufundisha sisi mia nne kunawa mikono kama watoto wa chekechea, huku tukichekana. Kisha akaomba orodha ya watu wote wanaogusa chakula. Mkuu akampa majina manne ya wapishi na la mtunza stoo. Mimi hakunitaja. Adhabu si ajira, na nadhani hakupenda idara yoyote ijue kwamba mwanafunzi amekaa jikoni mwezi mzima badala ya darasani.

Bwana Afya akagawa vikopo vitano.

"Choo kikubwa," alisema bila kupepesa. "Kesho saa mbili asubuhi nakuja kuvichukua. Kila mtu cha kwake. Narudia: cha kwake."

Alasiri hiyo Bibi Ukoko alinivuta nyuma ya banda la kuni. Kikopo alikuwa amekifungia kwenye kitambaa, kana kwamba kimeshajaa.

"Mume wangu, nina jambo la aibu."

"Sema, mke wangu."

"Nimezaa watoto watano. Marehemu mume wangu niliishi naye miaka thelathini, hakujua hata ninakwenda saa ngapi. Leo nimkabidhi kijana wa watu choo changu, ndani ya kikopo, na jina langu juu yake?"

"Si wanapima tu, Bibi."

"Wapime mapigo ya moyo!"

Nikauliza ilikuwaje miaka yote, maana nilijua idara huwapima wapishi kila baada ya miezi sita. Akatazama pembeni. Zamani, alisema, walimalizana wenyewe kwa wenyewe. Alikuwepo mwenzao mmoja mwenye tumbo jepesi na moyo wa kusaidia, aliyejaza vikopo vyote vinne. Kwa miaka kumi na tatu jiko zima lilikuwa na tumbo moja, nalo lilikuwa safi. Mwenzao huyo alistaafu mwaka uliopita, na kipimo kilichofuata Bibi Ukoko alijiuguza siku hiyo ili akikimbie.

"Waombe hawa watatu."

"Hawa? Watanicheka mpaka siku ya kunizika, na siku hiyo watacheka zaidi."

"Na mimi sitakucheka?"

"Wewe umeshacheka, nakuona. Lakini wewe ukicheka husemi."

Sijawahi kusifiwa namna hiyo, nikavimba kichwa. Nikapokea kikopo, nikaweka mkono kifuani, nikamwambia kwamba katika maisha yangu yote ya utundu hakuna taasisi iliyowahi kunikabidhi dhamana kubwa kama hii, na kwamba nitaitimiza kesho asubuhi kwa uaminifu na, Mungu akijalia, kwa wingi. Alinipiga kofi la mgongo huku akifuta machozi ya kucheka. Jioni alinitengea ukoko wa sufuria mbili.

Homa yangu ya likizo sikuikumbuka hata kidogo. Nilikuwa nimepona.

Jirani alifariki siku ya tisa tangu alazwe, adhuhuri, hospitalini. Utumbo ulikuwa umetoboka. Kwenye mazishi mama yake alinikumbatia kwa muda mrefu kuliko nilivyojua kukumbatiwa, akasema, "Wewe ndiye alikuwa anakutaja." Nilikuwa na maneno mengi siku zote. Siku hiyo nilikuwa na shikamoo tu, nikaisema mara tatu.

Baada ya kuzika, majibu yakaja.

Bwana Afya aliyaleta mwenyewe na akayasema kwa sauti ya chini, pale uani, akiwa amevua kofia. Nilikuwa karibu, nasugua pipa. Vikopo vinne vilikuwa safi. Kimoja kilikuwa na vimelea vya homa ya matumbo.

"Mama, hapa hakuna anayelaumiwa," alimwambia Bibi Ukoko. "Mtu anaweza kubeba vimelea hivi miezi mingi asijisikie chochote. Utatibiwa bure. Vipimo vitatu vikitoka safi, nakuandikia barua, unarudi kazini. Na wala sisemi kwamba ndicho kilichowaangusha watoto wa watu. Tangi nalo lina maneno yake."

Alisema hivyo. Nataka ikumbukwe kwamba alisema hivyo, kwa sababu kesho yake kwenye gwaride la asubuhi Mkuu alisema kwa ufupi zaidi.

"Chanzo kimepatikana," alitangaza, "na kimeondolewa."

Chanzo kilikuwa kinavuka uwanja wakati huohuo, kimebeba aproni mbili na ndala za jikoni ndani ya mfuko. Mmoja wetu akapiga kelele, "Muuaji!" Wa pili akaitikia. Halafu ikawa kama wimbo wa mpira, watu mia nne, na walimu walichelewa kidogo kutunyamazisha. Mimi sikuimba. Nilichezesha midomo.

Nilimkuta nyuma ya banda la kuni. Hakunitazama usoni. Alinitazama tumboni.

"Ni chako."

"Ndiyo, Bibi."

"Unaumwa?"

"Sijisikii kitu."

"Uliwahi kuumwa?"

"Likizo. Homa ya matumbo. Lakini nilipona."

Alifumba macho. Nilidhani atalia, au atanipiga, nilitamani anipige. Alipoyafumbua alikuwa na uso wa mtu anayepanga mlo wa watu wengi kwa chakula kidogo.

"Sikiliza. Nikisema si changu, wataniuliza ni cha nani. Nikisema ni chako, wataniuliza kilifikaje kwenye kikopo changu. Kumdanganya Bwana Afya huku watoto wanakufa, hapo sifukuzwi, hapo nafungwa. Sasa wewe utasema. Utasema ulikibadilisha kwa utundu wako. Utasema mimi sikujua kitu. Watakuamini, kila mtu anajua ulivyo. Watakuchapa, watakufukuza, mwakani mama yako atakutafutia shule nyingine. Mimi nani atanitafutia jiko?"

"Nitasema."

"Lini?"

"Jumatatu."

"Nitakusubiri," alisema, akachukua mfuko wake.

Angalia ubora wa mpango ule. Ulihitaji uongo mmoja tu, na uongo huo ulikuwa unafanana na mimi kuliko ukweli. Nilikuwa na jina baya tayari. Sikutakiwa kulipata, nilitakiwa kulitumia tu mara moja kwa ajili ya mtu.

Jumatatu niliomba ruhusa ya jino, nikaenda ofisi za idara ya afya. Ni jengo la ghorofa moja lenye ukumbi mrefu na milango mingi, na juu ya kila mlango kuna kibao. Chanjo: kina mama kwenye mabenchi, watoto wakilia kwa zamu, kama walioelewana. Vizazi na Vifo: dirisha moja kwa wote, mwanamume aliyekuja kuandikisha mapacha amesimama nyuma ya mwanamume asiyesema. Vibali vya Vyakula: mwenye mgahawa anaapa kwamba panya aliyeonekana alikuwa mpita njia. Waliong'atwa na mbwa walikuwa na benchi lao, na hapo kijana mmoja alikuwa anamweleza nesi kwamba mbwa mwenyewe ni wa shemeji yake, kwa hiyo sindano ingefaa apigwe shemeji.

Njia nzima nilikuwa nafanyia mazoezi sentensi moja. *Kikopo cha mpishi nilikibadilisha mimi, yeye hajui.* Niliisema kwa sauti nzito, kwa sauti ya toba, kwa sauti ya mtu asiyejali. Ilitoka vizuri kila mara.

Bwana Afya alikuwa peke yake chumbani, anakula ndizi juu ya rundo la mafaili. Aliifunika alipoiona sare yangu.

"Shule ile? Poleni sana. Kaa, kijana. Shida gani?"

"Naomba kupimwa."

"Unaumwa?"

"Hapana. Niliwahi kuugua, likizo. Homa ya matumbo."

Akaacha kutafuna. Alifungua droo, akatoa fomu, akafungua kalamu kwa meno.

"Usiogope. Yanayosemwa humu yanabaki humu. Uliugua lini? Ulitumia dawa gani? Ulimaliza dozi?"

Nikajibu. Dozi sikuimaliza, nilipojisikia vizuri niliacha. Akaandika bila kunisema.

"Ulirudi shuleni lini?"

"Wiki ya nne ya muhula."

Kalamu ilisimama. Nilimwona anahesabu, macho yakipanda kwenye kalenda ya ukutani na kushuka. Alikuwa mtu mwenye akili, na alikuwa hatua moja tu nyuma yangu.

"Pale shuleni," aliuliza taratibu, "umewahi kugusa chakula au maji ya wenzako? Kupakua, kuchota, kuosha vyombo? Hata siku moja?"

Hapo ndipo mahali pa sentensi yangu palipokuwa. Alinifungulia mlango na kuushika.

Watu watadhani niliogopa fimbo. Fimbo nazifahamu, tunaheshimiana. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Kitu kimoja tu sikuwa nimekiona njia nzima, nikakiona pale, kwenye mstari wa fomu wenye visanduku viwili: kwamba kusema kikopo ni changu ni kusema na pipa lilikuwa langu. Mkono uliozama mpaka kiwiko. Jirani alikuwa anakunywa vikombe viwili kila mlo wakati wengine wanapata kimoja, kwa sababu mchotaji alikuwa rafiki yake na alimpendelea. Na mama yake alikuwa amenishika shingo akisema wewe ndiye alikuwa anakutaja. Sisemi nilimuua. Bwana Afya mwenyewe alisema tangi lina maneno yake. Sisemi pia kwamba sikumuua. Nasema tu kwamba kulikuwa na visanduku viwili.

"Hapana," nilisema.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

Akaweka alama. "Vizuri," alisema, na nikaona mabega yake yakishuka, kwa sababu naye alikuwa amechoka.

Niligundulika navyo vimelea. Waliniambia faraghani, mlango umefungwa. Huduma niliyoipata ilikuwa nzuri sana. Naisifu bila kejeli. Dawa sikulipia. Nesi mmoja mnene alinipa kipande cha sabuni na kunifundisha kunawa mpaka kwenye vifundo vya mikono, akaniita mwanangu. Shuleni wakaandikiwa kwamba nahudhuria matibabu, bila kutaja ya nini, na Mkuu hakuuliza, kwa kuwa jina la idara lilikuwa limemkaa vibaya tumboni. Nilimaliza dozi mpaka kidonge cha mwisho. Kisha vipimo vitatu, kila baada ya wiki kadhaa.

Kwenye kipimo cha pili nilimkuta Bibi Ukoko kwenye benchi. Alikuwa na kikopo chake ndani ya kikapu, amekizungushia gazeti, na juu ya gazeti ameweka kitunguu kimoja ili kionekane kikapu cha sokoni. Nilikaa karibu naye. Mimi changu kilikuwa mfukoni mwa koti. Tulikaa hivyo, watu wawili na vikopo viwili, kila mtu cha kwake.

"Umeshasema?"

"Bado."

"Bado," alirudia, kama anayeonja chumvi. Alikuwa amekonda. "Hivi vidonge vinaniharibu tumbo. Nikinywa silali, nakimbia tu. Na wewe?"

"Mimi pia."

"Wewe vinakutibu."

Nikamuuliza wanawe hawajambo. Akasema hawajambo, mkubwa tu amemkataza kupika akienda kwake, kwa ajili ya watoto.

"Nikipata barua nitarudi," aliniambia, au alijiambia. "Bwana Afya amesema. Barua ikitoka, sina haja ya mtu kunisemea."

Mlango ukafunguka na kijana wa maabara akaita jina lake kamili, kwa sauti ya mtu anayeita abiria. "Mama, choo chako kiko wapi?" Benchi la chanjo likageuka. Bibi Ukoko akasimama, akatoa kitunguu, akafungua gazeti, akamkabidhi kikopo kwa mikono miwili mbele ya watu wote. Hakuinamisha kichwa. Mimi ndiye niliyeinamisha.

Barua yake ilitoka mwisho wa muhula uliofuata. Najua siku, kwa sababu nilikuwa ofisini kwa Mkuu, nimepeleka daftari la mahudhurio, wakati alipobisha hodi. Alivaa gauni la kwenda harusini. Bahasha alikuwa hajaifungua. Hakuwa msomaji wa maandishi ya ofisi, na nadhani alitaka ifunguliwe na yule anayehusika, mahali panapohusika.

Mkuu aliipokea kwa ncha za vidole. Akaigeuza, akaona muhuri, akanitazama.

"Soma," alisema. "Kwa sauti, mama mwenyewe asikie. Na wewe uwe shahidi."

Nikafungua. Macho yangu yalitangulia sauti, kama kawaida yao, yakafika chini kabla yake. Mfukoni mwa shati nilikuwa na barua kama ile, yenye maneno yaleyale ila mstari wa chakula, iliyopigwa chapa kwa mashine ileile. Ya kwangu ilitoka wiki moja kabla. Nikaisoma ya kwake.

"Hii ni kuthibitisha kwamba aliyetajwa hapo juu, ambaye aligundulika kuwa na vimelea vya homa ya matumbo, ametibiwa na idara hii, amepimwa mara tatu kwa vipindi tofauti, na sasa amepona. Anaweza kurejea katika kazi ya kuandaa chakula."

Bibi Ukoko alitabasamu. Alisikia kurejea.

"Hongera, mama," alisema Mkuu. "Umepona, tumshukuru Mungu. Lakini umesikia mwenyewe. Aliyepona alikuwa nao ugonjwa. Wazazi wa marehemu nitawaambia nini? Kwamba aliyepona yuko jikoni? Na nafasi tumeshaijaza."

"Mimi sikuwa na kitu cha kupona, Mwalimu."

"Barua si yangu, mama. Ni yako."

Bibi Ukoko akanigeukia. Hakusema jina langu wala hakuninyooshea kidole. Alinitazama tu, na akangoja, kwa subira ya mtu aliyekaa nusu ya maisha yake akingojea maji yachemke. Ofisini kulikuwa na feni mbovu iliyogonga kila ikizunguka. Nilihesabu mizunguko kumi na tisa. Naandika haya nikiwa mwaka wa mwisho, katika shule ileile, na sijui ningefika mizunguko mingapi kama angeendelea kungoja.

Alinyoosha mkono. Nikampa barua. Aliikunja vizuri kwenye mikunjo yake, akairudisha kwenye bahasha.

"Kijana anasoma vizuri," alimwambia Mkuu.

"Huyu?" alisema Mkuu, akilivuta daftari la mahudhurio. "Huyu ametulia sana siku hizi."